Picha Zisizo na Watu

Mtaani walimwita Maporomoko, na wala halikuwa jina la kumkejeli. Kwa miaka kumi na tisa mtu yule alikuwa hachori kingine ila maji: maji yanayoshuka kwenye majabali, mito inayopinda kati ya miti, ziwa lenye bata wawili. Mteja wake mkubwa alikuwa mwenye duka la samani, ambaye alikuwa na sheria moja tu maishani: anayenunua kochi la buluu apewe picha ya buluu. Kwa hiyo Maporomoko alipiga buluu. Akiletewa kochi la kijani, alipiga msitu. Fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda mbele ya nyumba yake hakumjua kwa jina lingine, na hata barua zilizokosea njia zilimfikia kwa jina hilo.

Mkewe alikuwa muuguzi wa hospitali ya mji. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu, na kile cha nyuma kilinuka tapentaini hata mapazia yake yakifuliwa. Mama huyo alikuwa na ulimi mwepesi, na jioni moja, akiwa amesimama mlangoni na viatu vya kazi mkononi, alimwambia mumewe:

"Mwenzangu, hao bata wako wawili tangu tuoane mpaka leo. Hawazai?"

Walicheka wote wawili. Lakini neno lile lilimwingia Maporomoko kama mwiba wa samaki. Alikula, akalala, akaamka, bado limo.

Lililomtoa nyumbani hasa lilikuwa jambo dogo. Mkewe alikuwa ameomba picha moja itundikwe kwenye chumba cha kusubiri wagonjwa, naye akaenda kuitundika mwenyewe. Alipomaliza akakaa kwenye benchi aone watu watafanyaje. Akakaa saa nzima. Watu waliingia wakiwa wameshika mashavu, wameshika watoto, wameshika vyeti. Walitazama saa ya ukutani. Walitazama feni. Mmoja alilisoma tangazo la kunawa mikono mpaka mwisho, akarudia. Picha hakuitazama hata mmoja, ila mzee aliyeegemeza kichwa kwenye fremu yake akasinzia.

Wiki ile ile akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa dereva wa lori la maji. Shemeji alikuwa akiwapelekea maji wajenzi wa barabara, siku mbili kwa gari, mwanzo wa jangwa.

"Nichukue safari moja," akasema Maporomoko.

"Kule hakuna kitu, shemeji."

"Ndicho ninachokitaka."

Shemeji akamtazama kama anayetazama tairi linalovuja, kisha akasema haya, abebe blanketi.

Siku ya pili lori lilichemka, na likasimama karibu na kisima. Palikuwa na kaya kumi na nne pale, watu wa mbuzi na ngamia, na vibanda vyao vya mikeka na ngozi vilikuwa vya kufunguka na kufungika. Malisho yakiisha walihama, na mvua ikinyesha walirudi. Kisima ndicho hakikuhama. Mwenyewe alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mbali hata anapozungumza na aliye karibu. Watu walimwita Mama Kisima. Mumewe ndiye aliyekichimba, miaka ishirini na sita nyuma, na alikuwa amezikwa hapo hapo, hatua arobaini kupanda mteremko, pamoja na watoto wao wawili. Kila kaburi lilikuwa na mawe matatu meusi.

"Wewe nani?" akamuuliza mgeni.

Shemeji akajibu kwa niaba yake. "Huyu? Huyu ni Maporomoko."

Mama Kisima alicheka mpaka akakaa chini. "Maporomoko! Huku! Basi baba, poromoka kidogo tunyweshe mbuzi."

Usiku ule walilala pale. Alfajiri Maporomoko akatoka kujinyoosha, akatazama mbele, na miguu ikakataa kusogea. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Mteremko wote wa mchanga ulikuwa na rangi aliyokuwa hajawahi kuichota kutoka kwenye kopo, si waridi, si kijivu, kama ngozi iliyo ndani ya mdomo wa mtu. Nyuma yake magadi yalilala meupe mpaka upeo wa macho. Kisha jua likatoka, na kila kitu kikabadilika mara nne kabla hajamaliza kukohoa. Akagundua kwamba kivuli cha jabali si cheusi, ni zambarau iliyokolea kama biringani, na ukingoni kina uzi wa kijani ambao ukiutazama moja kwa moja unapotea. Miaka kumi na tisa alikuwa akichora vivuli vyeusi. Alihisi aibu kama mtu aliyegundua kwamba siku zote amekuwa akilitamka vibaya jina la mama yake.

Shemeji alipowasha lori, Maporomoko hakupanda.

Alikaa miezi saba, akirudi mjini mara mbili tu kuchukua turubai na rangi. Kwa haki isemwe: asingekaa hata siku saba bila watu wale. Mama Kisima alimpa ghala la kamba na ngozi alale humo. Walimpa maziwa asubuhi na jioni. Mkwe wa Mama Kisima, mume wa binti yake, alimbebea picha mbichi juu ya ngamia, zimefungwa kwenye mbao zisigusane, akitembea kwa miguu mwendo wa nusu siku ili mchanga usiruke. Siku aliyopigwa na jua akaanguka, wanawake wanne walimburuta kwa mkeka mpaka kivulini, na Mama Kisima akammwagia kichwani maji ambayo mbuzi wake walikuwa wakiyangojea.

"Ukifa hapa," alimwambia, "nitakuzika, lakini mawe utaleta mwenyewe."

Picha yake ya kwanza kubwa, urefu wa mtu na upana wa kitanda, aliichora na watu ndani yake. Akamweka Mama Kisima mdomoni mwa kisima, wanawake wakivuta kamba, mbuzi, vibanda, na juu mteremkoni yale mawe tisa. Alifanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akasimama mbali, akaiona ilivyo: kalenda. Wale watu walikuwa bata. Alikuwa amewaweka pale ili pazia la mtu lipate kufanana na kitu. Akashikwa na hasira, akachukua kisu cha rangi, na mchana mmoja akawafunika wote kwa mchanga. Akamfunika mama, akafunika kamba na mbuzi. Mawe akayafunika mwisho. Jua lilipoinama, mbele yake palikuwa na mteremko mtupu ulionyooka kwa mstari mmoja kuanzia kona mpaka kona, na akajua, kama mtu anavyojua homa imeshuka, kwamba hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Mama Kisima akaja na bakuli la maziwa. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Jana tulikuwamo," akasema.

"Mpo. Mko chini ya rangi."

"Chini ya rangi. Na mume wangu?"

"Yale mawe, mama... yalikuwa yanakata mstari."

Mama Kisima akageuka kumtazama yeye badala ya picha. "Mume wangu anakata mstari," akasema taratibu, kama anayeonja maneno. Kisha akacheka, akaenda kuwasimulia wenzake. Wiki nzima likawa ndilo neno la watu wote pale kisimani. Mbuzi akisimama njiani, mtoto akizuia mlango, aliambiwa, "Toka, unakata mstari!" Maporomoko naye alicheka pamoja nao. Hakuwaza kwamba chini ya kicheko pana kitu kingine.

Picha nyingine ishirini na mbili alizichora tupu tangu mwanzo.

Mji ulizipokea kwa namna ambayo hakuitarajia. Mama mmoja aliyekuwa na ukumbi wa maonyesho, mwenye miwani ya kamba na sauti ya chini, alizipanga kwenye kuta nyeupe, na watu walisimama mbele ya picha bila kusema. Walizitazama! Mzee mmoja alivua kofia. Gazeti liliandika kwamba mtu huyu ameupa ukimya rangi. Mwenye duka la samani alikuja pia, akazunguka mara mbili, akauliza kochi la rangi ile linapatikana wapi.

Jioni ya mwisho akaja mkurugenzi wa kampuni moja ya madini, mtu mpole, wa kushika mkono kwa mikono miwili. Akanunua saba, na ile kubwa ikiwemo. Akasema kampuni inatayarisha kijitabu cha kuelezea eneo lile, na angefurahi kama msanii mwenyewe angeandika maneno machache ya kuwekwa chini ya picha.

Maporomoko aliyaandika mezani jikoni, mkewe akimenya viazi upande wa pili. Alipomaliza akamsomea: "Miezi saba niliishi mahali pasipo mtu, pasipo njia, pasipo jina. Palikuwa na mchanga, upepo, na mimi."

Kisu cha mkewe kikasimama. "Na yule mama wa maziwa?"

"Hii ni lugha ya sanaa."

"Aa," akasema mkewe, akaendelea kumenya. "Kumbe sanaa haina shukrani."

Maporomoko akakasirika kidogo. Lakini alikuwa ameyapenda maneno yake, hasa lile "na mimi" la mwisho, na hakulifuta.

Ilipita miezi minane. Mchana mmoja shemeji akaja bila kupiga simu. Akakaa ukingoni mwa kiti, akiwa amevaa shati jipya lenye nembo kifuani. Alikataa chai.

"Shemeji," akasema, "kule kisimani kuna kesi."

Akaeleza huku akiitazama sakafu. Kampuni ya madini ilikuwa inataka magadi, na baraza la ardhi lilikuwa limekaa kuamua. Watu wa kisimani walikuwa wamesema pale ni kwao. Kampuni ilikuwa imesema hapana: watu wale wamehamia juzi, baada ya kusikia habari ya magadi, vibanda vya mikeka vinasimamishwa kwa siku moja, na mawe matatu yanapangwa kwa dakika moja. Na ushahidi wao ulikuwa kijitabu. Msanii anayeheshimika, asiye na upande, alikaa pale miezi saba. Hakuona mtu. Amechora. Ameandika kwa mkono wake.

Maporomoko akasimama. "Lakini wewe umepita pale miaka. Wewe ndiye uliyenipeleka! Si ukaseme?"

Shemeji akaigusa ile nembo kwa kidole, kama anayeona ipo. "Sasa ninawabebea maji wao. Nina watoto wanne, shemeji. Nimekuja kukwambia wewe, na hata huku kuja nimeiba muda."

Mkewe Maporomoko alikuwa amesimama mlangoni. Hakumlaumu kaka yake. Alimwambia mumewe, "Kesho utaondoka na gari la kwanza," akaingia ndani kumpigia pasi shati.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa shule, feni mbili, moja imekufa. Mama Kisima alikuwa benchi la mbele na wenzake sita. Alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vikubwa, na alikuwa ameiweka miguu sambamba kama vitu vya watu anavyovichunga. Alipomwona Maporomoko akainua mkono, akatabasamu kwa meno yote, akamnong'oneza jirani yake. Wote sita wakageuka na nyuso zao zikafunguka. Walidhani wamepata shahidi. Hakuna aliyewasomea kijitabu.

Kisha vijana wawili wa kampuni wakaingia na ile picha kubwa, imefungwa kwenye blanketi, wakaiegemeza ukutani na kuifunua. Mwanasheria wa kampuni, mtu nadhifu mwenye adabu, akamwita Maporomoko mbele, akamsomea maneno yake ya kijitabu.

"Haya ni yako?"

"Ni yangu. Lakini sikuwa na maana hiyo."

"Ulikuwa na maana gani?"

"Watu walikuwapo. Kaya kumi na nne. Huyu mama alinipa maziwa kila siku. Makaburi yalikuwapo."

"Kwenye picha yako, yale makaburi yangekuwa wapi?"

Akanyoosha kidole mahali pale mteremkoni. Mwanasheria akasogea karibu, akainama, akatazama kwa makini ya mtu anayetafuta pini.

"Sioni."

"Niliyafunika."

"Kwa nini?"

Maporomoko aliyatafuta maneno mengine, yoyote, hakuyapata. "Yalikuwa yanakata mstari," akasema.

Wapo waliocheka. Benchi la mbele halikucheka.

"Kwa hiyo," akasema mwanasheria, "ama ulidanganya wakati ule, kabla ya kesi, ambapo hukuwa na sababu ya kudanganya, ama unadanganya leo, mbele ya rafiki zako. Baraza litachagua."

Hapo Maporomoko akamgeukia mwenyekiti, akasema kwa sauti iliyomtoka kwa nguvu: "Wako chini! Kwangueni rangi muone! Nipeni kisu, nitawaonyesha mwenyewe, mawe yote tisa!"

Mwanasheria akasema picha ni mali ya mteja wake, na mteja wake hakubali ikwanguliwe. Mwenyekiti, mtu aliyekuwa amechoka lakini si mbaya, akafikiri, akasema baraza halina uwezo wa kuharibu mali ya mtu ili kutazama kilicho chini yake. Kama kuna mtaalamu na mashine ya kupenya rangi, ombi liletwe kwa maandishi. Muda wa kupokea maombi ulikuwa umeisha Ijumaa iliyopita. Vijana wakaifunga picha kwenye blanketi lake, kwa uangalifu mkubwa, wasije wakaikwaruza.

Nje, Mama Kisima alipita mbele yake akiburura vile viatu. Mkwe wake ndiye aliyesimama, yule aliyezitembeza picha kwa miguu. "Nilikuwa nakufungia mbao mara mbili," akasema, "zisiguswe na mchanga," akafuata wenzake.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Kisima kilizungushiwa seng'enge. Kaya kumi na nne zikatawanyika, nyingine kwa ndugu, nyingine haijulikani zilikokwenda. Mama Kisima alihamia kwa binti yake, nyumba ya bati kando ya kituo cha malori, na Maporomoko akamfuata huko msimu wa ukame, amebeba begi la rangi na turubai moja. Alimkuta amekaa mlangoni anasuka kamba ambayo haikuwa na kisima.

"Karibu," akasema yeye, kwa sababu ni mtu wa adabu. Hakumwita kwa jina lolote.

Maporomoko akakaa chini. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na aliyoyatoa yalikuwa mabovu. Alisema majuto ni mjukuu. Alisema hakujua. Mwisho akasema angependa kumchora. Yeye, uso wake, ili pawe na picha moja inayosema kweli.

Mama Kisima akaendelea kusuka. "Zile za zamani nazo ni za kweli," akasema. "Nenda kisimani katazame. Hapana mtu, hapana mbuzi. Mawe waliyasukuma kwa katapila. Hukudanganya, baba. Uliwahi tu."

"Mama, naomba unisamehe."

"Usinichore," akasema. Akahamishia kiti chake upande wa pili wa mlango, akampa mgongo, akaendelea na kamba yake. Maporomoko alikaa mpaka binti akatoka kumwambia, kwa upole, kwamba lori la kurudi mjini linakaribia kuondoka.

Nyumbani alijaribu kumchora kwa kumbukumbu. Alikosa. Kivuli cha jabali saa kumi jioni angekichora akiwa amefumba macho, na uzi wake wa kijani, lakini uso wa mwanamke aliyempa maziwa miezi saba ulikuwa ukimtoka kama uso wa mtu yeyote. Alimpigia simu shemeji. "Yule mama ana kidoti? Ana kovu mahali?" Shemeji akasema hakumbuki, akasema yuko kazini, akakata. Picha zile za uso Maporomoko alizipaka nyeupe, moja baada ya nyingine.

Kesi ilikuwa imeandikwa magazetini, na jina lake lilikua kwa sababu hiyo. Mwenye ukumbi alipiga simu, akauliza kwa ile sauti yake ya chini kama kuna jangwa jingine. Mara ya kwanza alikataa. Mara ya pili pia. Akajaribu kurudi kwenye mito, mkono ukagoma. Baada ya miezi minne akachukua turubai, akaanza mteremko.

Siku alipoumaliza, mkewe alitoka zamu, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Aliitazama picha. Aliitazama vizuri, hakukimbiza macho.

"Ni nzuri," akasema, na alikuwa anasema kweli. Kisha akaenda kunawa mikono.